Jinsi ya kutuma shada la maua mabichi hadi mji mdogo, likafika bado bichi

Mara ya kwanza kumtumia mama maua, alinipigia simu saa nane mchana kutoka Korogwe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza: "Mwanangu, mzigo nimeupata. Hii mboga inapikwaje?"

Hakuwa anatania. Mawaridi ishirini ya rangi ya damu ya mzee, niliyoyanunua Dar alfajiri ileile, yalikuwa yamelala saa tano nzima ndani ya buti la basi, yamebanwa na gunia la mtu. Vichwa viliinama, majani yakajikunja. Mimi mwenyewe ningeyaona ningedhani ni mchicha wa jana.

Nimetuma maua mengi tangu siku ile, na karibu makosa yote niliyoyafanya hayakuwa ya maua. Yalikuwa ya saa na ya watu. Ua lililotunzwa vizuri linavumilia safari ya Dar hadi Korogwe, karibu kilomita 300, bila shida. Lisichokivumilia ni kuachwa juani stendi kwa dakika arobaini wakati mpokeaji anatafuta chenji ya bodaboda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa safari, na duka la maua litafuata baadaye. Natumia Korogwe kwa sababu ndiko ninakokujua. Wewe weka Babati, Ifakara, Kondoa au Voi, hesabu ni ileile.

Kwanza: mtafute wa kupokea

Kabla hujauliza bei ya ua lolote, mpate mtu mmoja katika mji ule atakayekuwa stendi basi likiingia. Asiwe yule unayemtumia, maana utaharibu jambo lenyewe, na kama ni mzazi si adabu kumkimbiza stendi mchana wa jua akapokee zawadi yake mwenyewe. Awe binamu, jirani, mwalimu mwenzake, au kijana wa duka la karibu anayemwita mama yako "bibi" na kuogopa kumkosea.

Mtu huyo mpe mambo matatu kwa simu, halafu uyarudie kwa meseji: jina la basi pamoja na namba zake za usajili, saa linayotarajiwa kufika, na namba ya konda. Muulize yuko huru kweli siku hiyo au anakubali kwa heshima tu. Watu wetu hawajui kukataa kwa simu. Ukisikia "nitajitahidi", tafuta mwingine.

Mtumie nauli mapema na uweke na ya kutolea. Mwambie achukue bajaji, si bodaboda. Nimewahi kutumiwa picha ya shada langu likining'inia kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki, upepo ukilichana petali moja baada ya nyingine. Kama bajaji hakuna, basi boksi lipakatwe mapajani, lisifungwe nyuma kwa mpira.

Pili: jua maua yatatoka wapi

Kuna njia tatu za kufikisha maua mabichi mji mdogo, na wengi wanaijua moja tu, ya kununua Dar na kupakia basi.

Mawaridi mengi yanayouzwa Dar yameshasafiri tayari. Yanatoka nyanda za baridi, hasa Arusha na vitongoji vyake kama Usa River, au yanavuka mpaka kutoka Kenya, ambako Naivasha ndiyo makao makuu ya biashara hii. Ukinunua Dar ukapeleka Korogwe, ua limeshuka kutoka Arusha, limepita Korogwe, limefika Dar, limekaa dukani siku mbili, halafu linarudi njia ileile. Unamlipisha mama yako uchovu wa safari mbili.

Kwa miji yote iliyo kwenye barabara ya Moshi na Arusha, yaani Same, Mombo, Korogwe, mpaka Segera, mimi siku hizi naagiza Arusha moja kwa moja. Muuzaji anafunga jioni, anapakia basi la kwanza alfajiri, na adhuhuri mzigo uko Korogwe. Tena tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe upya kusafiri usiku, kuna uwezekano mzuri zaidi: mzigo unapakiwa usiku, unasafiri kwenye ubaridi, unapokelewa kabla jua halijakaza. Kwa maua, basi la usiku ni bora kuliko basi zuri la mchana.

Njia ya tatu hujificha mjini kwenyewe. Kila mji mdogo wenye ukumbi wa harusi una mpambaji, na mpambaji anayejiheshimu huagiza maua mabichi kila wiki kwa ajili ya harusi za Jumamosi. Mpate, muulize ana kazi wiki ipi, umwombe aongeze bando moja kwenye oda yake. Mawaridi ya shambani hufungwa kwa bando la mashina ishirini, kwa hiyo bando moja linatosha shada la maana. Yeye ana ndoo, ana mkasi, ana mkono, na atalifunga shada nusu saa kabla halijapelekwa. Ukimkuta mtu wa namna hii, safari yote ya konda na boksi unaweza kuisahau. Ubaya wake ni mmoja: unafuata kalenda ya harusi za watu. Mama akizaliwa Jumanne, hiyo ni shida yako.

Tatu: chagua ua la safari, si la picha

Waridi linasafiri vizuri likikatwa bado limefumba, petali za nje zikianza tu kuachia. Libonye taratibu pale chini, kichwa kinapoungana na shina. Likiwa gumu, ni jipya. Likibonyea kama andazi, limekaa dukani. Zile petali mbili tatu za nje zenye michirizi ya kijani au weusi kidogo usimwache muuzaji azing'oe. Si uchafu, ni koti la ua, na litavuliwa likifika.

Krisanthemamu na alstromeria hazina jina kubwa lakini ni wavumilivu wa ajabu. Zikitunzwa, wiki mbili zinaweza kufika zikiwa kwenye chombo. Yale madogo meupe kama chenga za mchele, jipsofila, hata yakikauka bado yanapendeza, kwa hiyo hayana hasara. Kwa safari ya zaidi ya saa nane mimi huweka waridi chache katikati, na krisanthemamu ndizo zinazobeba shada.

Gladiola ni ua zuri lenye tabia moja ya ukaidi: ukililaza, ncha yake hujipinda kuelekea juu, na haitanyooka tena. Lisafiri limesimama au lisisafiri. Yungiyungi nalo, lile la dukani lenye vichwa vikubwa, litume vichwa vikiwa bado vimefumba, na mpokeaji atoe vile vijiti vya chavua vikifunguka, la sivyo kitambaa cha meza kitapata madoa ya rangi ya machungwa yasiyotoka. Nyumba yenye paka usilipeleke kabisa, ni sumu kwao.

Na kabla ya yote hayo, jiulize huyu mtu anapenda nini. Shangazi yangu wa Pangani nilimpelekea mawaridi, akashukuru kwa upole, akayaweka pembeni. Mwaka uliofuata nikampata mwanamke pale pale anayefunga vikuba vya asumini na rehani, nikalipa kwa simu, vikapelekwa alasiri vikiwa na umande. Alivaa kimoja, kingine akaweka chini ya mto. Pwani tuna maua yetu, na hayahitaji basi.

Nne: ongea na muuzaji lugha moja

Neno "shada" lina mitego. Kwa wauzaji wengi, shada la kwanza linalokuja akilini ni lile la msibani, la duara, lenye utepe. Rafiki yangu aliagiza "shada la maua meupe kwa mama" kwa ajili ya mahafali, na kilicholetwa kingefaa kaburini. Muuzaji hakuwa na kosa. Sema "bukee la mkononi", taja shughuli yenyewe, taja rangi. Nyeupe tupu kwa mgonjwa au mzee naiepuka hata kama yeye mwenyewe hajali, maana majirani watauliza nani amefariki.

Kama humjui muuzaji, omba picha ya maua yaliyo kwenye ndoo zake leo. Si picha za ukurasani, hizo nyingine zimepigwa Uholanzi. Mwambie akupigie hiyo picha na kipande cha karatasi chenye jina lako kando. Asiyetaka kufanya hivyo ana sababu zake. Unapolipa, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri; likiwa tofauti na la biashara, uliza kwanza. Lipa nusu, nusu nyingine baada ya kuona picha ya boksi lililofungwa na risiti ya basi.

Ukiwa nje, Muscat au Leicester, kuna jambo dogo linalovuruga oda nyingi: saa. Muuzaji akikuandikia "saa 6", anamaanisha adhuhuri. Wewe uliyezoea saa za huko unasoma asubuhi. Andikeni "saa 6 mchana" kila mara, na ukumbuke Muscat iko mbele ya Dar kwa saa moja.

Tarehe za kuogopa ni 14 Februari, 8 Machi na Jumapili ya pili ya Mei, siku ya kina mama. Kuelekea Februari mashamba yanafukuzana na soko la Ulaya, kinachobaki ndani ni kidogo, na bei inapanda bila haya. Agiza wiki moja kabla, au fanya kama mimi: mtumie mama maua tarehe 20 Februari. Hajawahi kulalamika.

Tano: kunywesha na kufunga

Hapa ndipo siku ile ya mboga ilipoharibikia. Nilinunua maua, nikayabeba, nikayapakia. Yalikuwa na kiu.

Maua yakitoka dukani, yakatwe upya kwa kisu kikali au mkasi wa maua, mshazari, sentimita mbili au tatu kutoka chini, na yaingizwe majini papo hapo. Shina la ua ni kama mrija: likikaa hewani, kiputo cha hewa huziba pale lilipokatwa, na maji hayapandi hata ukilitumbukiza baharini. Ndiyo sababu waridi linainama shingo likiwa bado na rangi nzuri. Ondoa majani yote yatakayozama, maana yakioza maji yanajaa bakteria, nao huziba mrija uleule. Kisha yaache kwenye ndoo, maji yakifika nusu ya shina, chumba chenye ubaridi na giza, kwa saa nne kwa uchache. Usiku mzima ni bora.

Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar, yanayachosha maua. Tumia ya bomba au ya mvua. Chakula cha maua ukikikosa dukani, tengeneza: lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na matone machache ya jiki. Sukari ni chakula, limau linasaidia maji kupanda, jiki inaua wadudu. Ukiweka sukari bila jiki umewaandalia bakteria pilau.

Alfajiri, kabla ya kufunga, hakikisha petali ni kavu kabisa. Najua picha zenye matone ya maji zinavutia, lakini unyevu ndani ya boksi lililofungwa huleta ukungu wa kijivu, na ukungu ule ukishaanza haukamatiki. Kinacholowa ni miguu tu: funga pamba iliyolowa kwenye ncha za mashina, valisha mfuko wa nailoni, kaza kwa mpira. Vichwa vivishe karatasi laini au gazeti, kila vitano pamoja, visisuguane.

Boksi liwe gumu, refu kuliko shada kwa kiganja kimoja. Toboa matundu manne ubavuni. Pitisha kamba katikati, ifunge mashina kwenye sakafu ya boksi ili dereva akifunga breki ghafla shada lisiteleze likajigonga kichwa. Chupa ya maji iliyogandishwa, iliyoviringishwa gazeti mara tatu, ilazwe upande wa miguu, mbali na petali. Ila kama umeweka maua ya nchi za joto kama anthurium au helikonia, barafu isahau, hayo yakipata baridi kali yanageuka meusi.

Kadi iweke ndani ya kimfuko, iandikwe kwa kalamu isiyoyeyuka. Nje ya boksi ziandikwe namba mbili za simu za upande wa kupokea, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Kuhusu maandishi: kwa miaka nilikuwa naandika MAUA, SHIKA TARATIBU, na hakuna aliyeshika taratibu. Muuzaji mmoja wa Arusha akanishauri niandike MAYAI. Nilicheka, nikaandika. Boksi lilifika Korogwe limepakatwa na utingo.

Sita: stendi

Kwa Dar, mabasi ya kaskazini yanaondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ukikaa Mbagala au Kigamboni, hesabu safari ya kufika pale kama sehemu ya safari ya maua, na foleni uihesabu mara mbili.

Usikabidhi mzigo dirishani ukaondoka. Chukua risiti, piga picha ya risiti na ya namba za basi, halafu mtafute konda mwenyewe. Mwombe boksi likae ndani, kwenye rafu juu ya viti au karibu na dereva. Buti ni joto na vumbi, na kuna adui mwingine asiyeonekana: ndizi. Matunda yanayoiva, ndizi na maembe hasa, hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyohiyo inayoivisha ndizi inazeesha maua. Moshi wa injini nao unayo. Mabasi yanayotoka Moshi mara nyingi yana mikungu chini, na waridi au kaneshoni iliyolala nayo saa nne inafika imechoka bila jeraha lolote la kuonekana. Konda mwongezee elfu mbili tatu ya soda. Hiyo ndiyo bima.

Kwa elfu hamsini, mimi hutenga thelathini ya maua na ishirini ya mengine yote: boksi, mzigo, soda ya konda, bajaji na vocha ya mpokeaji. Wanaoweka hamsini yote kwenye maua ndio wanaopigiwa simu za mboga.

Basi la kutoka Dar likipita Segera, mpigie mpokeaji. Akikujibu "niko njiani", muulize sauti ya nini inayosikika nyuma. Kama ni televisheni, bado yuko nyumbani.

Saba: mlangoni na siku zinazofuata

Mpokeaji asipeleke boksi. Alifungue kwake au kwa jirani, kivulini, akate mashina upya sentimita mbili, ayatie kwenye ndoo ya maji safi kwa saa moja, avue zile petali za koti, ndipo ayafunge utepe na kubisha hodi. Saa hiyo moja inabadilisha kila kitu. Ua linaloonekana limekufa stendi linaweza kuinua kichwa kabla hujamaliza chai.

Lisiloinuka, usilitupe. Likate upya, lilaze zima, kichwa na shina, ndani ya beseni la maji ya baridi, lizame kwa saa moja. Mengi yanarudi. Yasiyorudi baada ya hapo, toa, usiyaache yakaharibu sura ya wenzake.

Kama anayetumiwa amelazwa, ulizia wodini kwanza. Sehemu nyingi hawapendi maua karibu na vitanda, na hata wakiyapokea hakuna chombo cha kuyaweka. Subiri aruhusiwe, yamkute nyumbani.

Nyumba nyingi hazina chombo cha maua. Jagi la juisi linatosha, na mwambie mpokeaji abebe chupa pana ya ziada ikiwa hana uhakika. Lisiwekwe dirishani penye jua, wala juu ya friji ya zamani inayotoa joto, wala kando ya bakuli la matunda kwa sababu ileile ya ndizi. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na kila mara mashina yakatwe kidogo. Mama hasomi maelekezo yaliyoandikwa, kwa hiyo siku ya pili mimi humpigia, namwamkia, naulizia wageni, naulizia mvua, kisha: "Mama, maji ya maua umebadili?" Hujibu kwamba amebadili, halafu nasikia anamwita mtoto alete mkasi.

Yakinyauka huyafunga kwa uzi na kuyaning'iniza kichwa chini stoo, penye giza, yanakauka na rangi yake. Boksi nalo halitupi. La mwisho, lile lenye maandishi ya MAYAI, ndimo anamohifadhi mayai.